Sonata ya Franck kwa fidla na piano: uzi mmoja kweli, au wachambuzi wanaona wanachotaka kuona?

#1 Fidla Kavu
Wakuu, salaam. Kila karatasi ya programu ya Sonata ya A meja ya César Franck (1886) ina sentensi ileile: sehemu zote nne zimeota kwenye mbegu moja, yaani mruko wa tatu (kutoka noti moja kwenda ya tatu yake) ambao fidla inaingia nao kipimo cha 5 (fungu la tano la mapigo), D kwenda F-shapu. Kwa wapiga solfa, do ikiwa A, hiyo ni fa–la.

Dai langu ni kwamba hiyo ni nusu ya ukweli. Kinachorudi waziwazi, mtu yeyote akakisikia, ni nyimbo mbili za sehemu ya 3 zinazoibuka tena sehemu ya 4, pamoja na kumbukumbu za sehemu ya 1 ndani ya sehemu ya 3. Mengine ni mruko wa tatu tu, na mruko wa tatu upo kila mahali hadi kwenye honi za mabasi. Nani anaweza kunionyesha kwamba sehemu ya 2, ile Allegro ya D maina, imetoka kwenye mbegu hiyo bila kuzikunja noti kwa nguvu?

#2 Bi Solfa
Mleta mada, unachanganya vitu vitatu halafu unalalamika kwamba havifanani.

Kuna wimbo mzima unaorudi katika sehemu nyingine. Kuna mbegu, noti mbili au tatu ambazo nyimbo mbalimbali hujengwa juu yake hata kama masikio hayazishiki. Na kuna kumbukumbu ya kupita: wimbo wa zamani unachungulia dirishani, unaondoka. Franck anatumia vyote. Aliyevipakia katika gunia moja na kuliandika "muundo wa mduara" ni mwanafunzi wake Vincent d'Indy, na d'Indy alikuwa na ajenda. Alitaka ionekane kwamba njia inatoka kwa Beethoven moja kwa moja hadi kwa mwalimu wake. Kwa hiyo alipokuwa anahesabu mbegu za sonata hii alizihesabu kwa ukarimu.

Lakini usilitupe lote. Katika sehemu ya 1 sikiliza mdundo pia, ile bembea ya ndefu-fupi, ndefu-fupi ndani ya 9/8. Mruko wa tatu ukija pamoja na bembea hiyo ni alama ya mtu. Ukija peke yake ni mruko wa tatu tu, hapo nakubaliana nawe.

#3 Kamanda wa Pedali
Wote mnatazama fidla. Tazameni piano vipimo 4 vya kwanza. Sonata inafunguka kwa kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya E yenye tisa, yaani noti ya tisa kuhesabu kutoka E, juu yake: E, G-shapu, B, D, F-shapu (so, ti, re, fa, la). Noti mbili za kwanza za fidla, D na F-shapu, ni kilele cha kodi hiyo. Fidla haileti mbegu mpya, inachuma matunda ya juu ya mti uliokwisha pandwa. Umoja wa sonata hii uko kwenye upatano, na wimbo ni kivuli chake.

Matokeo kwa mpiga piano: ukipiga vipimo vile 4 kama utangulizi wa kumngoja mwenye fidla, umeua sonata kabla haijaanza. Noti ya juu ya kila kodi iimbe kidogo, E ya besi ishikwe na pedali, noti za kati ziwe hafifu. Fidla ikiingia isikike kama imetoka ndani ya piano. Mpiga fidla naye asianze kwa mkwaruzo. Upinde uwe tayari juu ya uzi, usitupwe kutoka hewani.

#4 Mgeni wa Jiji
Kodi ya E yenye tisa juu yake? Hii asilimia ngapi, na risiti ya mashine inatolewa?

#5 Kamanda wa Pedali
@Mgeni wa Jiji hii hailipwi TRA. Inalipwa kipimo kinachofuata, na Franck ni mdaiwa sugu: anaweza kukuzungusha ukurasa mzima bila kukupa A meja iliyotulia.

#6 Msikilizaji Tu
Nauliza kama mpenzi tu. Si niliona mahali kwamba ilikuwa zawadi ya harusi na ikapigwa mara ya kwanza harusini? Kitu kilichoandikwa haraka kwa ajili ya sherehe kinaweza kweli kuwa na mahesabu yote haya?

#7 Noti Nusu
Zawadi ya harusi ndiyo, ya Eugène Ysaÿe, Septemba 1886. Mzaliwa wa Liège, Ubelgiji, anampa mpiga fidla mzaliwa mwenzake wa Liège. Ysaÿe aliifanyia mazoezi ya haraka na mpiga piano Léontine Bordes-Pène, wakawapigia wageni hapohapo. Lakini utambulisho wa hadhara ni tarehe 16 Desemba 1886, Brussels, kwenye jumba la makumbusho ya uchoraji. Taa zilikatazwa kwa ajili ya picha, jioni ya baridi ikaingia, na wale wawili wakamalizia gizani bila kuona karatasi. Kisa hicho kinatoka kwa d'Indy, kwa hiyo kumbukeni onyo la Bi Solfa.

Kuhusu haraka: Franck alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la Sainte-Clotilde, Paris, maarufu kwa kubuni papo hapo. Mtu anayebuni kwenye kinanda baada ya ibada anapewa wimbo mfupi, anaugeuza, anaupeleka ufunguo mwingine, anaurudisha mwishoni ukiwa umevaa rasmi. Hafanyi mahesabu, mikono imezoea. Mimi naona mduara wa Franck ni tabia ya mpiga kinanda kuliko falsafa ya d'Indy. Na tabia hiyo alikuwa nayo tangu zile trio zake (vipande vya wapigaji watatu) za ujana za miaka ya 1840.

#8 Fidla Kavu
@Noti Nusu hiyo naikubali kwa sehemu ya 3, inaitwa Recitativo-Fantasia, yaani usemi na ubunifu huru, kwa sababu. Sehemu ya 2 bado sijajibiwa.

#9 Bi Solfa
Jaribu funguo badala ya nyimbo. Noti mbili za kwanza za fidla ni D na F-shapu. Sehemu ya 2 iko D. Sehemu ya 3 inamalizikia F-shapu maina. Kisha ya 4 inarudi nyumbani A. Ramani ya sonata nzima ni zile noti mbili za kuingilia za fidla zilizonyooshwa zikawa dakika 28.

#10 Mzee wa Besi
Bi Solfa, nzuri hiyo, lakini pole. Kwenye sonata yoyote ya A meja, D ni jirani wa upande mmoja na F-shapu maina ni pacha wa A. Mtunzi akitoka nje kununua chumvi ndiko atakakopita. Kama angekwenda E-flati na kurudi, ningeshangaa.

Mkitaka mduara usio na ubishi nendeni kwa Brahms, Sonata ya 1 ya fidla na piano, Op. 78 (namba ya kazi yake), G meja, 1879. Sehemu ya mwisho ameuchukua wimbo wake mwenyewe wa mvua, "Regenlied" Op. 59 namba 3. Hapo hakuna cha kukunja.

#11 Noti Nusu
Nyongeza kwa Mzee: mvua ile haianzi sehemu ya mwisho. Fidla inafungua sehemu ya 1 kwa D tatu zenye mdundo wa nukta, ndefu-fupi-ndefu, na hizo ndizo D tatu zinazofungua sehemu ya mwisho. Msikilizaji wa kwanza hajui kitu. Anajua baada ya nusu saa kwamba alishanyeshewa.

Halafu wimbo wa Adagio, E-flati meja, nao unarudi ndani ya sehemu ya mwisho. Kwa hiyo Brahms anafunga mafundo mawili: mdundo kutoka sehemu ya 1 na wimbo mzima kutoka sehemu ya 2.

Yanayoharibika hapo ni ya kawaida. Fidla inapiga zile D tatu kwa uzito mmoja, zinakuwa msumari. Noti fupi iwe nyepesi, upinde kidogo sana, na ielekee noti inayofuata. Mkiamua namna ya kuzipiga sehemu ya 1, andikeni palepale kwenye karatasi vidole na upinde, mtumie vilevile sehemu ya mwisho. Mkibadilisha uzi au upinde, msikilizaji hatambui na kazi ya Brahms imekwenda bure. Piano ya sehemu ya mwisho ndiyo matone: pedali nusu, kiganja chepesi, bila kukimbia, ameandika molto moderato.

#12 Chozi la Waya
Kabla hamjaendelea kuhesabu mbegu niwawekee mfupa mezani. Sonata ya Kreutzer ya Beethoven, Op. 47, 1803. Tafuteni uchambuzi wowote mnene, mtaonyeshwa jinsi sehemu ya mwisho inavyotokana na ya kwanza: miruko ya nusu hatua, E kwenda F, na kadhalika. Wachambuzi wanaapa.

Sasa basi: sehemu ile ya mwisho haikuandikwa kwa ajili ya sonata hiyo. Iliandikwa mwaka uliotangulia kwa ajili ya Op. 30 namba 1, Beethoven akaona inang'aa kupita kiasi, akaiondoa na kuiandikia sonata ile vibadiliko (wimbo mmoja unaorudiwa kwa sura tofauti) badala yake. Kreutzer ilipotakiwa haraka kwa onyesho la mpiga fidla George Bridgetower huko Vienna, 24 Mei 1803, sehemu hiyo ilikuwa tayari kabatini. Mtoto kazaliwa kabla ya mama, na watu wanasema wamefanana pua.

#13 Fidla Kavu
Asante! Uzi ufungwe hapa.

#14 Bi Solfa
Haufungwi. Beethoven angeweza kuzitunga sehemu mbili za kwanza ZIFANANE na ile iliyokuwa kabatini. Fundi akipewa kola tayari, anakata shati lilingane nayo. Tarehe inakuambia kipi kilitangulia, haikuambii kama kuna undugu.

Mfano wa kinyume: Sonata ya F-A-E, 1853, zawadi kwa mpiga fidla Joseph Joachim. Watu watatu, sehemu nne: Albert Dietrich ya kwanza, Schumann ya pili na ya nne, Brahms ile Scherzo (sehemu ya kasi) ya C maina. Waligawana noti tatu, F, A, E, herufi za kwanza za kaulimbiu ya Joachim ya Kijerumani, "huru lakini mpweke". Mbegu ipo kwa mkataba kabisa, na bado haisikiki kama kitu kimoja. Brahms hata hazigusi sana hizo noti, na Scherzo yake ndiyo inayopigwa mpaka leo peke yake. Kwa hiyo mbegu ya pamoja haitoshi kuleta umoja, na kukosa mpango wa tangu mwanzo hakuufuti.

#15 Mzee wa Besi
Huyu mama angekuwa wakili.

#16 Gambusi la Pwani
Naingilia kutoka kwenye taarabu. Bashrafu, ule muziki wa ala tupu wa kufungulia, nayo si mduara? Una khana (ubeti wa ala), unapiga taslimu (kiitikio chake), khana nyingine, taslimu ileile, mpaka khana nne ziishe. Fidla zinajua njia ya kurudi nyumbani tangu enzi za kina Ikhwani Safaa, kile kikundi cha Zanzibar.

#17 Noti Nusu
@Gambusi la Pwani karibu. Kurudi kupo, lakini taslimu inarudi palepale inapotarajiwa, ndani ya kipande kimoja, na haijabadilika. Hicho ni kiitikio. Kwa Franck wimbo unavuka mpaka wa sehemu, unarudi usipotarajiwa na umebadilika sura. Ile nyimbo laini ya sehemu ya 3, inayoelea juu ya mafungu ya noti tatutatu za piano, ikija sehemu ya 4 inakuja mchana kweupe.

#18 Gambusi la Pwani
Sawa, ila mpiga fidla mzuri wa bashrafu haipigi taslimu ya nne kama ya kwanza. Madoido yanaongezeka. Karatasi yenu haimwoni huyo.

#19 Kamanda wa Pedali
#18 ni bandiko bora la uzi huu na limetoka nje ya mada. Naliazima nirudi ndani: umoja unatengenezwa au kubomolewa na wapigaji wawili. Kanoni ya sehemu ya 4 ndiyo mtihani. Piano inaanza, fidla inafuata kipimo kimoja nyuma kwa wimbo uleule. Inaonekana rahisi kama wimbo wa watoto wa kupokezana. Haya ndiyo yanayoharibika:

Mpiga piano anavuta mwendo mwisho wa sentensi. Kipimo kimoja baadaye fidla inafika palepale, nayo inavuta. Sasa piano imeshaanza sentensi mpya na inalazimika kungoja. Mkivuta mara nne ukurasa mmoja, wimbo unachechemea. Dawa: metronomu kwa robo-noti 96 mpaka mzoee, bila kupanda wala kushuka sauti, kisha ongezeni mwendo taratibu. Kuvuta kubaki sehemu mbili tatu mlizokubaliana tu.

La pili ni sauti. Fidla ina noti inayoendelea kuishi, piano ina noti inayokufa. Mkipiga kwa nguvu sawa, msikilizaji anasikia fidla inaongoza na piano inasindikiza, kanoni imepotea. Vipimo 8 vya mwanzo fidla ishuke, mtikisiko wa kidole upungue. Piano isukume kidole cha juu cha mkono wa kulia, na noti za kati za mkono huohuo zizimwe karibu kabisa.

Zoezi: piano ipige mstari wa juu peke yake na fidla ipige wake. Halafu badilishaneni, fidla ianze na piano ifuate. Halafu mmoja aimbe huku mwingine anapiga. Rekodini kwa simu iliyowekwa mita 5 mbali, si juu ya piano. Alama za pumzi ziandikwe mahali pamoja pa WIMBO, yaani kipimo kimoja mbali kwenye karatasi. Wengi wanaziandika kipimo kimoja, wanapumua pamoja, ndipo wanapopotea.

#20 Fidla Kavu
Nyongeza upande wa fidla, sehemu ya 1: msihesabu tisa, hesabuni tatu. Franck mwenyewe aliiwazia taratibu zaidi, Ysaÿe akaipiga kwa kasi, Franck akakubali, ndiyo maana imeandikwa Allegretto (haraka kiasi). Robo yenye nukta kati ya 52 na 60 inabembea. Chini ya hapo unalaza mtoto.

Na wimbo wa pili wa sehemu ya 1 ni wa piano peke yake, fidla haiupigi kamwe. Hilo nalo liingie kwenye hesabu ya umoja: kila mmoja ana chake, hawabadilishani. Kwenye kanoni ya sehemu ya 4 wote wawili wanafuatana kwa wimbo mmoja. Kwangu hicho ndicho kisa cha harusi, wala hakihitaji mruko wa tatu hata mmoja.

#21 Bi Solfa
Mleta mada amebadili dini katikati ya uzi.

#22 Fidla Kavu
Sijabadili. Nimesema umoja upo, nimekataa mbegu.

#23 Chozi la Waya
Kuna swali moja hamjaligusa: kurudi kunakojenga na kunakoaga. Sonata ya fidla ya Debussy, 1917: sehemu ya mwisho inafunguka kwa fidla kukumbuka wimbo wa sehemu ya 1, halafu anautupa, anaendelea na mambo mengine. Prokofiev, Sonata ya 1 ya F maina, Op. 80: zile skeli (noti zinazopanda na kushuka kwa mfululizo) za baridi za fidla yenye kizibo cha kupunguza sauti, mwishoni mwa sehemu ya 1, zinarudi mwishoni mwa sonata nzima. Hazijakua. Zimerudi vilevile kama upepo wa mahali palepale, na hapo ndipo zinapotisha. Schumann Op. 105 naye analeta mwanzo wa sehemu ya 1 karibu na tamati, katikati ya noti za kasi. Wapigaji wasipobadili rangi ya sauti hapo, unapita hauonekani. Vyote vinaitwa mduara, ilhali kimoja ni kumbukumbu, kimoja hukumu, kimoja salamu.

#24 Noti Nusu
Ongeza sonata ya Lekeu, G meja, 1892, aliyoagizwa na Ysaÿe huyohuyo. Huyo ni mduara wa Franck uliokolezwa sukari, na sehemu ya kati ina 7/8 ambayo wengi wanaihesabu kama 4 iliyokatwa mkia. Igaweni kwa kufuata maneno ya wimbo, si kwa kidole. Alifariki Januari 1894, siku moja tu baada ya kutimiza miaka 24.

#25 Mzee wa Besi
Turudi kwa Franck. Kuna tatizo la mikono. Jamaa alikuwa na mkono mpana ajabu na ameandika kodi ambazo binadamu wa kawaida hazifiki. Mkono mdogo ukizivunja kutoka chini kila mara, besi inatangulia fidla na umoja wenu wote unaishia hapo. Wekeni noti ya chini KABLA ya pigo na pedali iikamate, noti ya juu ianguke sawasawa na fidla. Palipo na nafasi, noti ya kati ipewe mkono mwingine. Sehemu ya 2 wimbo umefichwa ndani ya mvua ya noti za haraka, kwa hiyo pigeni wimbo peke yake kwanza, kwa vidole vilevile mtakavyotumia baadaye, ndipo muongeze mvua. Pedali ibadilishwe mara nyingi kuliko mnavyodhani.

#26 Msikilizaji Tu
Hii ya chelo ninayoisikia kila mara je, ni Franck huyohuyo?

#27 Kamanda wa Pedali
Huyohuyo. Jules Delsart aliihamishia kwa chelo kwa idhini ya Franck, na sehemu ya piano haikuguswa. Lakini kwenye kanoni chelo inakuwa chini ya mkono wa kulia wa piano, kwa hiyo tatizo la #19 linageuka: sasa mfuasi ndiye anayezama. Kinyume cha kila nilichoshauri.

#28 Fidla Kavu
Sehemu ya 2 jamani. Bandiko la 28 na hakuna aliyenijibu.

#29 Bi Solfa
Nipe mpaka kesho, naikopi mkono wa kulia wa piano kwenye solfa vipimo 14 vya kwanza. Nikikosa mruko wa tatu uliojificha nitasema.

#30 Chozi la Waya
Utaupata. Ndiyo shida yenyewe.